Wakisema "kitabu ni kizuri, kinafundisha", umewauliza nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, wilaya ya Muheza. Nimeanzisha klabu ya usomaji kwa kidato cha pili na cha tatu, tunakutana Ijumaa baada ya vipindi. Kusoma wanasoma. Tatizo ni maoni. Nikiuliza kitabu mmekionaje, jibu ni "kizuri, kinafundisha". Wachache wanaosema zaidi ya hapo wanatoa maneno ya kwenye madesa, yale maelezo ya vitabu yenye majibu tayari ya kukariri. Juzi kijana mmoja akasema kitabu kinachosha, wenzake wakacheka. Sikujua nimkemee au nimwache. Nakala nazo hazitoshi, na mkuu wa shule ameshauliza klabu hii itaongeza nini kwenye matokeo. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, nianze na huyo kijana aliyechoka, kwa sababu katika barua yako yote ndiye peke yake aliyetoa maoni. Usimkemee, wala usimpite tu. Muulize alichoka ukurasa wa ngapi. Akijibu "chote", mpe kitabu mkononi afungue mahali alipokiweka chini mara ya kwanza. Mara nyingi atafungua mahali penye sababu: mwandishi amesimamisha hadithi aeleze historia ya kijiji, au majina mapya yameingia kwa mkupuo, au wahusika wanahutubiana badala ya kuongea. Hapo mgeukie mwenzake aliyekwishasoma kurasa zilezile, umuulize yeye alipitaje. Akitokea mmoja wa kusema "mimi hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule babu", tayari una watu wawili wanaobishana juu ya kurasa nne za kitabu. Klabu imeanza.

Kile kicheko nacho kisikutishe. Hawakumcheka kwa kuwa amekosea. Walicheka kwa sababu amesema mbele ya mwalimu kitu ambacho wao wanakisemea bwenini na njiani wakienda nyumbani. Walikuwa wanasubiri kuona utafanya nini. Ukiwa mkali, utakuwa umewathibitishia walichokuwa wanakishuku muda wote, kwamba swali la "mmekionaje" lina jibu moja sahihi na jibu hilo ni kizuri.

Maana hiyo "kizuri, kinafundisha" hawakuizua wao. Tumewapa sisi. Tangu shule ya msingi mtoto akimaliza hadithi ya sungura na fisi anaulizwa hadithi hii inatufundisha nini, na jibu analo kabla hata hajafungua kitabu: tusiwe walafi. Akifika sekondari tunamkabidhi maudhui na fani, yaani kitabu kinasema nini na kinakisemaje. Dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, falsafa. Kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, jina la kitabu. Ni zana nzuri, nimezifundisha na nitazitetea popote. Ila tazama kinachotokea: hata ile sehemu iliyotengwa makusudi kwa ajili ya kumhukumu mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake, nayo inakaririwa. Nimewahi kusahihisha majibu ya darasa ambalo karibu wote waliandika kwamba mwandishi "hakufaulu kwa kuwa ametumia lugha ngumu", kwa mpangilio uleule wa maneno, kuhusu kitabu ambacho lugha yake ni nyepesi kabisa. Desa limekosea, darasa zima likamshusha mwandishi maksi bila kumsoma.

Mmarekani Louise Rosenblatt, aliyeanza kuandika juu ya mambo haya mwaka 1938, baadaye alitofautisha usomaji wa namna mbili, na mfano wake mmoja unanifaa sana ninapoongea na walimu. Mama ambaye mtoto wake amekunywa sumu anaisoma lebo ya chupa mbiombio. Anatafuta la kufanya, basi. Sentensi zimepangwaje hajali, na akishapata anachotaka lebo haina kazi tena. Huo ni usomaji wa kuchukua na kuondoka. Namna ya pili ni kukaa ndani ya maandishi na kuyaishi kadiri yanavyokujia: kuogopa, kukasirika, kumwonea mtu huruma usiyotaka kumwonea. Wanafunzi wetu wanaisoma riwaya kama mama yule anavyosoma lebo. Wanatafuta hoja tatu, wazipate, wafunge kitabu. Ukiwauliza baada ya hapo wamejisikiaje, unauliza juu ya jambo ambalo halikuwatokea.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha namna ya kuuliza, badilisha wakati wa kuuliza. Usingoje wamalize. Maoni ya kijana yanakuwa ya moto katikati ya kitabu, wakati hajui mwisho na desa haliwezi kumsaidia. Waulize wakiwa sura ya tatu: unamwamini nani mpaka sasa? Nani anakuficha kitu? Unataka nini kitokee, na unaogopa nini kitatokea? Sura ya saba waambie warudie majibu yao ya mwanzo. Aliyebadili mawazo aeleze ni ukurasa gani uliombadilisha. Sheria ya pekee hapa ni kwamba aliyetangulia kusoma asiwatobolee wenzake mwisho.

Mwingereza Aidan Chambers, mwandishi wa vitabu vya vijana ambaye pia aliwahi kuwa mwalimu, alipendekeza maswali manne ya msingi ambayo nimeyaona yakifanya kazi hata darasani kwenye watoto wengi: kipi ulikipenda, kipi hukukipenda, kipi kilikutatiza, na kipi umekiona kikijirudia au kufanana na kingine. La tatu ndilo lenye utajiri. Kijana anayeona haya kusema hakupenda, haoni haya sana kusema kuna mahali hakuelewa, hasa ukitangulia wewe kutaja mahali panapokutatiza kweli. Kweli, nasisitiza. Ukijifanya hujui, watakugundua upesi. Chambers aliwashauri pia walimu waiweke pembeni "kwa nini" na badala yake waseme "niambie". Kwetu ushauri huo una uzito wa ziada. "Kwa nini" ya mwalimu, mwanafunzi amezoea kuisikia akiwa amechelewa mstarini au hajachomekea shati. Akiisikia kwenye klabu anaanza kujitetea, na mtu anayejitetea huchagua maneno yaliyokwisha kupita salama mdomoni mwa mwingine.

Hata hivyo maswali ya jumla yanachosha yakirudiwa kila Ijumaa. Kinachomwasha kijana wa miaka kumi na mitano ni uamuzi wa mtu. Chukua Takadini ya Ben Hanson, ambayo bila shaka iko kabatini kwako. Desa litasema mila potofu, nafasi ya mwanamke, ujasiri, na halitakuwa limekosea. Wewe waulize juu ya Makwati. Mkewe Sekai amekaa miaka bila mtoto, amesimangwa na wake wenza. Sasa amejifungua mtoto mwenye ualbino na mila inataka mtoto huyo asiishi. Sekai anatoroka naye. Swali kwa klabu: Makwati angeweza kufanya nini ambacho hakukifanya? Wanaomtetea wakae upande wa dirisha, wanaomlaumu upande wa mlango, na anayebadili mawazo ana ruhusa ya kuhama bila kueleza. Sharti ni moja. Kila anayesimama kusema asome kwanza sentensi ya kitabuni anayoiegemea.

Sharti hilo usilegeze, hata wakilalamika. Dakika za mwanzo zitakuwa za kupekua kurasa na kelele, kisha utaona kitu: wanaanza kunyang'anyana sentensi. Mmoja anaisoma kama ushahidi wa woga wa Makwati, mwingine anaichukua hiyohiyo kama ushahidi wa mapenzi yake. Na mahali fulani, kijana ambaye hajawahi kufungua mdomo atasema hata yeye angenyamaza, kwa sababu kwao wazee wakishakata shauri hakuna wa kuwapinga. Hayo ni maoni juu ya kitabu. Hayamo kwenye desa lolote, na hayawezi kuandikwa na mtu mwingine.

Ukiwa na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, waulize Mama N'tilie amfanyeje Mzee Lomolomo. Jitayarishe tu, wasichana wa kidato cha tatu hawana huruma na mume mlevi.

Wakati haya yanaendelea, wewe uko wapi? Shauri langu ni ukae pembeni na maoni yako yawe ya mwisho, na siku nyingine yasiwepo kabisa. Watoto wetu wamelelewa kutompinga mtu mzima, na ni malezi mema kwa mengi, lakini katika klabu ya vitabu yanamaanisha kwamba ukishasema unavyomwona Makwati, mjadala umekwisha. Hata "vizuri sana" ni hatari. Ukimwambia mmoja "vizuri sana", wanne watakaomfuata watasema kitu kinachofanana na chake. Mimi hutumia "ehe?" na "wapi?" tu. Ya kwanza inamwambia endelea, ya pili inamrudisha kitabuni.

Juu ya upungufu wa nakala, sitakupa hotuba ya kuomba wafadhili. Omba, ukipata shukuru. Ila kwa sasa nakala chache zinaweza kukufaa kwa namna yake. Kila kitabu kiwe na daftari lake, dogo, limefungwa nacho kwa uzi. Anayekiazima anaondoka na vyote viwili. Akirudisha, awe ameandika nusu ukurasa: namba za kurasa zilizomsimamisha, na alichokiwaza hapo. Anayefuata kabla ya kuandika lake lazima amjibu aliyemtangulia, hata kwa mistari miwili. Wakishapita watano, daftari lenyewe linakuwa na ugomvi wake, na wengine wataazima kitabu ili waone wenzao wamesema nini. Waruhusu wajipe majina ya kalamu. Msichana mpole wa dawati la nyuma akiwa Chui wa Amani anaandika mambo ambayo kwa jina lake la rejesta asingeyagusa.

Daftari hilo ulisome, lakini kalamu nyekundu isiingie humo. Herufi "h" iliyopotea na "r" iliyokuwa "l" ziache mpaka kipindi cha Jumatatu. Mwiko uwe wa matusi kwa mtu. Kitabu wanaweza kukisema wapendavyo, mwandishi aitwe mvivu wa kumaliza hadithi, lakini mwenzao asiitwe mjinga kwa alichokipenda. Na ili ujue tofauti ninayoitafuta, linganisha mambo mawili. Mmoja anaandika: "Riwaya hii ni nzuri kwa sababu inaelimisha jamii kuhusu mila potofu." Mwingine anaandika kitu cha namna hii: "Mwanzoni Sekai aliniudhi, kila akisemwa ananyamaza. Alipotoroka nikarudi nyuma kusoma tena pale anaponyamaza, nikaona kumbe hakuwa mnyonge." Wa pili ana makosa ya kuandika, pengine, na hajataja dhamira hata moja. Lakini amesoma mara mbili na amemwona mhusika akibadilika machoni pake. Ukitaka dhamira, utaitoa humo humo Jumatatu kwa dakika tano.

Sasa nikuulize na mimi: unajua wanasoma nini nje ya orodha ya vitabu vya shule? Wengi wanasoma simulizi zinazotumwa WhatsApp sehemu kwa sehemu, kwenye simu ya dada au ya mama. Ni mapenzi, uchawi, majasusi na matajiri wa Masaki. Tenga Ijumaa moja kwa ajili hiyo, bila kukunja uso. Utakuta watoto walewale waliokuwa mabubu ni wahakiki wakali kupindukia. Watakwambia simulizi fulani ilianza vizuri ikaharibika sehemu ya kumi na mbili kwa sababu mtunzi alimfufua mtu aliyekwisha kufa. Watakwambia mwingine anakata kila sehemu mlangoni, mtu anagonga, "itaendelea", na akifungua ni jirani tu amekuja kuomba chumvi, na kwamba mara tatu za mwanzo ilikuwa inasisimua, sasa inaudhi. Mwalimu, hiyo ni fani. Ni muundo, ni taharuki, ni uaminifu wa mwandishi kwa msomaji wake. Wana maoni tele. Walichokosa ni kuamini kwamba maoni hayohayo yanaruhusiwa kuingia kwenye kitabu chenye muhuri wa shule. Baada ya Ijumaa hiyo, wapeni riwaya iliyo kabatini mkaulize maswali yaleyale: hapa mwandishi amekata wapi, na amekata kihalali?

Jambo jingine dogo. Vitabu vya Kiingereza wavijadili kwa Kiswahili. Najua mwenzako wa idara ya Kiingereza anaweza kununa. Lakini mtoto anayehangaika na wakati uliopita wa kitenzi hawezi kuhangaika wakati huohuo na Lakunle, yule mwalimu katika tamthilia ya The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka anayejiona msomi na kukataa kumlipia mahari Sidi, msichana anayetaka kumwoa, mpaka Sidi anaishia kwa chifu mzee Baroka. Uliza kwa Kiswahili, Tanga hii, kama Lakunle alikataa mahari kwa kumheshimu Sidi au kwa ubahili, uone kama kengele ya kwenda nyumbani itasikika.

Kuna sehemu moja ninayotaka uende nayo polepole. Maoni ya kweli yakianza kutoka, mengine yatatoka na maisha ya mtu ndani yake. Siku moja msichana atasema "huyu baba ni kama baba yangu", na chumba kitanyamaza. Usimchimbe pale mbele ya wenzake, na usimfanyie haraka ya kubadili mada kana kwamba amesema aibu. Mwambie asante, mrudishe kila mtu kwa yule baba wa kitabuni, kisha mtafute yeye peke yake baadaye, pamoja na mwalimu wa ushauri na unasihi kama kuna dalili ya jambo zito. Vivyo hivyo mkisoma Takadini na mna mwanafunzi mwenye ualbino. Asigeuzwe msemaji wa kitabu. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, ana haki ya kumjadili Makwati kama mwanafunzi mwingine yeyote, hata ya kusema kitabu hakikumgusa.

Kwa sababu hiyohiyo vitabu vingine nisingeanza navyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kuruhusiwa tena, na kwa mjadala wa vijana sijui riwaya ya Kiswahili inayoizidi: baba mlevi na mkali, barua ya mvulana, kipigo, kisha binti anayeingia duniani bila kuambiwa chochote isipokuwa usifanye. Nani alimharibu Rosa? Swali hilo linaweza kuwachukua mwezi mzima. Lakini kitabu kinaishia pazito, kwa mtu kujitoa uhai, na kinataka kikundi ambacho kimekwisha kuaminiana. Kiache kwa wa kidato cha tano na cha sita, au kwa hawa wako wakishakua kidogo.

Nimebaki na mkuu wa shule. Usimwahidi asilimia. Ukimwambia ufaulu utapanda kwa kiasi fulani, utakuwa umeweka kichwa chako mahali ambapo mitihani ya taifa inaweza kukikata. Mweleze unachokiona. Swali la fasihi la kidato cha nne linataka mtahiniwa atoe hoja na aithibitishe kwa mifano ya kitabuni, tena kutoka kitabu zaidi ya kimoja. Anayekariri desa hoja anazo. Kinachomwangusha ni mifano, kwa sababu hakuisoma, na swali likigeuzwa kidogo anabaki akizungusha sentensi zilezile. Aliyebishana juu ya Makwati akiwa ameshika ukurasa anakumbuka nani alisema nini, kabla ya nini, na anaweza kukitumia kisa hicho kujibu swali la mila, la ndoa, la uongozi au la malezi. Hilo unaweza kumwonyesha kwa kuweka mezani kwake insha mbili, ya mwanaklabu na ya asiye mwanaklabu, bila majina.

Bora zaidi, mwalike Ijumaa moja. Umpe kitabu wiki moja kabla, umwombe asome sura mbili za mwanzo, na akija akae kwenye benchi pamoja nao, si kwenye kiti cha mbele. Kama atataka kuhutubia, na wakuu wa shule hutaka, mpe kwanza daftari lililofungwa kwa uzi amjibu Chui wa Amani.